Filta Iliyomeza Udi wa Bi Mwanaiki

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye amenipa mikono ya kufanyia kazi na akaniachia vidole vyote kumi, jambo ambalo kwa fundi wa magari si dogo.

Funguo za gereji nimekwisha kuwakabidhi, wanangu, na vifaa vyote viko mnapovijua, isipokuwa bisibisi refu lenye mpini wa mti. Hilo nimekwenda nalo nyumbani kwa kuwa ni urithi, na msilitafute. Mliniomba niandike habari za kazi yangu. Ya vyeo sitayagusa. Katika gereji za Kismayo vyeo ni viwili tu, aliye juu ya gari na aliye chini yake, na mimi nimevishika vyote viwili kwa siku moja. Nitaandika juu ya hewa, kwa sababu ndiyo iliyonisumbua kuliko chuma.

Nimezaliwa kisiwani Koyama na nikasoma chuo cha Kurani huko huko. Baba yangu alitaka niwe mwalimu, basi akanileta Kismayo nikae kwa sheikh mmoja mwenye elimu nyingi na gari bovu. Asubuhi moja gari lilikataa kuwaka. Sheikh akanituma nikamwite fundi. Nilikwenda, nikamkuta fundi, na nikachelewa kurudi kwa muda wa umri wangu wote. Niliporejea kumtaka radhi sheikh wangu hakukasirika. Aliniambia, "Kazi yangu mimi ni kuondoa taka ndani ya watu. Wewe ondoa za magari. Usiache kusoma, na usije darasani na grisi." Nimeyashika yote mawili, ingawa la grisi ni gumu zaidi.

Fundi huyo aliitwa Fundi Lali. Sikio lake moja lilikuwa limekufa, na lile zima alikuwa halitumii kwa injini. Aliuma mpini wa bisibisi kwa meno, akaweka ncha juu ya chuma, akafumba macho. Sauti ilipanda kwa mfupa wa taya. Wateja wageni walidhani anakula gari.

Siku yangu ya kwanza hakunipa spana. Alinipa filta ya hewa iliyotoka kwenye lori, akaniambia niiinue juani.

"Waona nini?"

"Mchanga, fundi. Mchanga mwingi."

"Huo ndio uliozuiliwa. Huo hauna neno. Nioneshe uliopita."

Nikaigeuza filta huku na huku. Nikachungulia upande wa pili. Sikuona kitu, nikamwambia hivyo.

"Basi hicho usichokiona," akasema, "ndicho kiuacho injini." Akaninyang'anya filta, akaenda kunywa chai. Hilo lilikuwa somo zima la siku ile, na nilidhani mzee amechoka.

Hakuchoka. Injini hula hewa kuliko inavyokunywa mafuta. Lita moja ya dizeli haiungui mpaka imeze hewa ya chumba kizima, na chumba hicho, huku kwetu, kimejaa vumbi. Mchanga wetu mnaujua. Ule mnene hukaa chini kwa adabu. Ule laini kama unga wa podari hupanda, huchanganyika na chumvi ya bahari, hupenya karatasi ya filta, hufika kwenye silinda, na huko hufanya kazi ya msasa. Ringi za pistoni zinakwisha, gari linaanza kunywa oili, na mwenyewe anakuja kulalamika kuwa oili siku hizi haina baraka.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja aliivisha filta soksi ya mkewe. Mwingine aliifunga kilemba cha zamani, akazunguka nacho mji mzima, gari likivuta pumzi kama mtu aliyezibwa mdomo. Yuko aliyeiosha filta ya karatasi kwa maji, mara tatu tatu, kama anayeitawadhisha, kisha akashangaa imekuwa uji. Na yuko mfanyabiashara mmoja, Mungu amrehemu, aliyeitoa kabisa akaitupa, akaja kutufundisha.

"Filta hubana gari," alisema. "Mimi mwenyewe sina filta, na umri huu nimefika salama."

Fundi Lali alimsogelea, akamwinamia, akamtazama uso kwa makini.

"Nywele za pua yako," alimwambia, "zatosha lori mbili. Mola alikufungia filta kabla hujazaliwa. Kairudishe ya gari."

Vita vya Somalia vilipokuja tulitawanyika kama wengine. Mimi nilikaa kambini Kenya, nikitengeneza pampu ya maji, kisha Mombasa. Fundi Lali alifia Mombasa, kitandani, kwa utulivu, na aliponipa lile bisibisi mpini wake ulikuwa na alama za meno yake. Nilirudi Kismayo nikiwa na mvi. Nilikuta mchanga upo vilevile. Alhamdulillahi, nilisema, angalau huu haukuhama.

Sasa nije kwa Bi Mwanaiki, ambaye nyote mnamwogopa, na mko sahihi.

Bi Mwanaiki ni mkunga. Nusu ya vijana wa mji huu waliona uso wake kabla ya kuona wa mama zao. Ana gari la dizeli, kuukuu, ambalo huwafuata wazazi katika vijiji vya upande wa kusini, kwenye njia ya mchanga iendayo Ras Kamboni. Dereva wake ni Warsame, kijana mrefu ambaye magoti yake hugusa usukani, na ambaye hana neno la kumjibu Bi Mwanaiki zaidi ya "Haya, eddo," yaani haya, shangazi.

Gari hilo nililifungua injini mara nyingi kuliko gari lolote jingine. Kila mara vumbi lilikuwa limekula silinda, na kila mara tulizichonga zikawa pana zaidi na kutia pistoni kubwa zaidi. Mwisho tulifika saizi ya mwisho. Nilimwita nikamwonesha.

"Bi Mwanaiki, hapa ukuta umebaki mwembamba. Safari hii nafunga, lakini sitafungua tena. Vumbi likiingia mara nyingine, gari hili ni kopo."

"Na nyingine ya namna hii?"

"Mjini hakuna. Nimetafuta."

"Maalimu," akasema, maana bado ananiita hivyo kwa ajili ya chuo, "kule kuna wasichana wana mimba ya kwanza. Niwafikie na nini? Na kopo?"

Nilimwomba Mungu jibu, na jibu likaja kwa ndege, likiwa na sanduku mbili kubwa na mafua.

Ni Rukia, mtoto wa dada yangu. Alilelewa Mombasa, akasoma, sasa yuko Ulaya, na kazi yake ni kutengeneza vitambaa vya kuchujia hewa. Alikuja kutusalimu. Nilipomweleza habari za gari la mkunga, alinitaka vipimo vya filta, akapiga simu kwao, akacheka na mtu kwa lugha nisiyoijua. Baada ya wiki kadhaa zikaletwa filta mbili. Kwa macho zilikuwa karatasi za kawaida zilizokunjwa, ila upande mmoja uling'aa kidogo, kama mtu aliyepaka mafuta ya nazi na kuyafuta.

"Hapo juu, mjomba, pana utando wa nyuzi za nano," akasema. "Unywele mmoja wa kichwa chako ukiupasua mara mamia, ndiyo unapata uzi mmoja."

"Zinasokotwaje?"

"Plastiki iliyoyeyushwa inavutwa kwa umeme mkali, inaruka hewani ikiwa uzi, inatua juu ya karatasi. Kama buibui, lakini ana haraka."

"Subhanallah. Na mbona sizioni?"

"Huwezi kuziona kwa jicho."

Warsame alikuwa karibu, anasikiliza. "Adeer," akaniambia, na hiyo ni ami kwa Kisomali, "wewe ulitufundisha kuwa haifai kununua kitu kisichoonekana."

"Hii ni zawadi," nikamjibu. "Na anayepewa hachungulii."

Rukia alinieleza kazi yake, nami nawaeleza ninyi, kwa kuwa zitakuja nyingi. Filta ya karatasi tupu huliacha vumbi laini liingie ndani ya unene wake, na huko hukwama au hupita. Utando huu hulikamata juu juu, pale mlangoni. Karatasi haizibwi ndani, na vumbi ukiligonga kidogo huanguka. Kisha akanihesabia makatazo: usiioshe, usiisugue kwa brashi, usiipulize kwa kompresa, utaupasua utando na hutajua kama umeupasua. Niliyaweka kichwani kama matini ya chuoni, nikamsomea Bi Mwanaiki mbele ya Warsame. Kisha nikafunga filta moja kwenye gari, nikaweka ya pili kabatini. Rukia akarudi kwao na mafua yake.

Gari lilitoka likinguruma vizuri. Fundi Lali angeliuma bisibisi akatabasamu.

Yaliyofuata niliyasikia baadaye, lakini nayaweka mahali pake ili msipotee. Bi Mwanaiki alipolifikisha gari nyumbani alilizunguka, akalitazama, akatoa hukumu ya fani yake. Alimwambia Warsame, "Limepasuliwa, limetolewa vilivyomo, limefungwa, na limevishwa nguo mpya. Mtu wa namna hiyo ni mzazi. Mzazi hakai bila kufukizwa." Warsame akasema, "Haya, eddo." Wakaliwasha, wakaliacha likinguruma uani, na Bi Mwanaiki akaleta chetezo chenye makaa, akakiweka chini kabisa ya mdomo wa kuvutia hewa. Alitia udi, akatia ubani, akatia na ule uunsi wa Kisomali wenye sukari. Injini ilivuta moshi wote. Hakuna hata uzi mmoja wa moshi uliokwenda kwa jirani. Hilo lilimfurahisha sana. Alisema katika maisha yake hajapata kuona mzazi mwenye pumzi nzuri kama ile.

Basi akalifukiza kila asubuhi na kila alasiri, akikusudia kulitimizia arobaini.

Halikufika. Siku moja baada ya adhuhuri simu yangu ililia.

"Adeer, gari limekufa pumzi," alisema Warsame. "Nakanyaga mafuta, haliendi. Nyuma latoa moshi mweusi kama kuku aliyeungua. Tuko mchangani, na mbele kuna msichana ana uchungu tangu alfajiri."

"Fungua kasha la filta. Waona nini?"

Nikasikia klipu zikifunguka.

"Warsame?"

"Nyeusi, adeer. Inanata. Inanukia harusi."

Nilimtaka anieleze tena. Akanieleza yote, chetezo na sukari na arobaini. Niliketi juu ya tairi. Miaka yangu yote katika kazi hii nimeona filta zilizozibwa na mchanga, unga wa ngano, manyoya ya kuku, na mara moja nyuki. Sikuwa nimeona iliyozibwa na heshima.

"Itoeni," nikasema. "Endeni bila filta. Uhai wa mtu huja kabla ya silinda."

Sauti ya Bi Mwanaiki ikaingia kwenye simu bila salamu. "Ulisema vumbi likiingia ni kopo."

"Nilisema."

"Leo nimfikie huyu, na kesho kutwa yule wa kijiji cha pili nimfikie kwa miguu yangu hii?"

"Bi Mwanaiki, huyu ndiye aliye mbele yako."

"Najua aliye mbele yangu, maalimu! Nimekuwa najua aliye mbele yangu tangu wewe huna ndevu!" Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nipe dakika nifikiri. Au njoo."

Nikachukua filta ya pili kabatini, nikakodi bajaji. Mwenye bajaji aliniambia hafiki mchangani. Nikamwambia afike mpaka mchanga umkatalie, na Mungu atajua la kufanya. Ulimkatalia mapema. Nilishuka tukasukuma, tukapanda, ukakataa, tukasukuma. Njia nzima nilikuwa nasoma dua za safari, na mwenye bajaji alikuwa anasoma zake, nadhani dhidi yangu.

Nilipofika niliwaza kukuta gari limekwenda, au limekaa na watu wamefedheheka. Nilikuta soko. Gari lilikuwa kimya, boneti limefunguliwa. Nyuma yake palikuwa na gari la punda, punda amefunguliwa anatafuna gunia. Kati ya viwili hivyo palikuwa na shuka zimetundikwa, na Warsame amesimama mbali, kawapa mgongo, amejiziba masikio kwa mikono miwili.

"Mume wa yule msichana alichoka kungoja," akanieleza kwa kelele, maana alikuwa hajisikii. "Akampakia, wakatukuta hapa hapa. Eddo alikuwa keshashika filta aing'oe, akasikia punda."

Wakati huohuo kilio kikatoka nyuma ya shuka, chembamba, kikali, cha mtu aliyetua duniani na hakupendezwa. Mume akakaa mchangani. Mimi nikasema Alhamdulillahi na nikajikuta nami nimekaa.

Lakini shughuli haikuwa imekwisha. Mama wa yule msichana alitoa kichwa nje ya shuka.

"Udi uko wapi?"

Bi Mwanaiki, ambaye alikuwa ametoka kunawa, akazidi kunawa.

"Mkunga! Nauliza udi. Mwanangu si paka wa kuzalia jangwani."

"Umekwisha," akasema Bi Mwanaiki.

"Umekwisha vipi? Umefukiza nani?"

Ilibidi aelekeze kidole. Bibi yule alilitazama gari. Alilitazama toka tairi mpaka paa. "Limejifungua nini?" akauliza, na nawaapia, hakuwa akicheka.

Ndipo nilipoiona filta. Warsame alikuwa ameitoa akailaza juu ya paa la gari, kwenye bati linalochoma kwa jua, na ile lami ya udi ilikuwa imeanza kulainika. Harufu ilipanda. Ilikuwa harufu ya udi wote wa Bi Mwanaiki, wa asubuhi na wa alasiri, haukupotea hata punje. Bi Mwanaiki naye aliinusa. Akaichukua kwa ncha za vidole kama mkate wa moto, akaingia nayo nyuma ya shuka, akaipunga juu ya mama, akaipunga mbali kidogo na mtoto. Bibi akatoa kigelegele. Punda akapiga chafya.

Mimi nikaenda kwenye injini. Nilikuwa na hofu moja tu iliyobaki, na ndiyo iliyokuwa hofu ya miaka yote. Filta imekamata, ndiyo. Lakini siku zote zile injini ilikuwa inavuta moshi, tena njiani inavuta vumbi. Nililegeza hosi inayotoka kwenye kasha kwenda kwenye injini, upande wa pili wa filta, upande safi. Nikatoa leso yangu nyeupe, ile ya kufutia uso baada ya udhu. Nikaisokota, nikaitia ndani ya hosi mpaka mkono ukaingia kufikia kiwiko, nikazungusha, nikaitoa.

Nikaiinua juani.

Warsame alikuja. Bi Mwanaiki akaja, mikono imelowa. Hata mwenye bajaji alikuja, ambaye hakuwa na haja yoyote ila alikuwa amekwisha kusukuma kiasi cha kuwa na haki.

"Waona nini?" nikamuuliza Warsame.

"Sioni kitu, adeer. Nyeupe."

"Tazama vizuri."

"Nyeupe, wallahi."

Bi Mwanaiki aliichukua leso, akaitazama, akanirudishia. "Basi hakuna kilichofika ndani," akasema. Nilidhani anazungumzia vumbi. Alikuwa anazungumzia udi. Alisikitika kuwa injini haikupata hata kidogo.

Nilifunga filta ya pili, nikabana klipu, nikauma bisibisi, nikaweka ncha juu ya chuma, Warsame akawasha. Sauti ilipanda kwenye taya langu, safi. Mama na mtoto na bibi wakapanda gari. Mume akarudi na punda, na mimi nikarudi na bajaji, tukisukuma. Mtoto ni msichana, wamemwita Safia. Hawakuniuliza, lakini nililipenda.

Nilipompigia Rukia kumweleza, alinihesabia majaribio yao. "Mjomba," akasema, "sisi tumeijaribu kwa vumbi la jangwani, kwa masizi, kwa chumvi. Hatukuandika isifukizwe." Nikamwambia tumekwisha kuandika sisi. Ni yale maneno ya chaki kwenye ukuta wa gereji, ambayo wageni huwauliza maana yake: haioshwi, haisuguliwi, haipulizwi, haifukizwi. Msiyafute.

Gari la Bi Mwanaiki bado linakwenda kusini, na silinda ni zilezile. Filta ile nyeusi nimekuja nayo nyumbani pamoja na bisibisi. Mke wangu ameitundika kabatini, na kanzu yangu ya Ijumaa inakaa chini yake. Watu msikitini huniuliza ni udi gani huu, nami husema ni wa gari, wakadhani ninafanya mzaha.

Leso nimeikunja nimeiweka peke yake, sijaifua. Fundi Lali alifariki kabla sijapata jibu la swali lake la siku ya kwanza. Mungu akitukutanisha mahali pasipo vumbi, sitamweleza mengi. Nitampa leso, aiinue juani mwenyewe.